Afande Hapandi Lori

Bwera, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kaka Bwambale,

Barua zote huanza kwa kuuliza hali. Yako sina haja ya kuiuliza, naiona kutoka hapa nilipokaa. Udongo umeshuka kidogo upande wa kichwani. Mama kapanda yale maua mekundu asiyojua jina lake, na kuku wa jirani wamekataa kuheshimu mpaka. Nitaweka miba. Nilisema hivyo tangu mvua zile, lakini ndivyo nilivyo tangu uondoke, mtu wa kusema nitafanya.

Nimekalia sanduku lako la bati, lile la jeshi. Ulipokuwa vitani Bama uliniandikia barua nyingi na mimi sikukujibu hata moja kwa mkono wangu. Sikujua kusoma. Karani alikuwa ananisomea kwa sauti, barazani, mbele za watu, hadi siku aliyosoma kwamba nisiolewe na yule fundi wa baiskeli kwa sababu ana mdomo kama debe. Fundi mwenyewe alikuwa amekaa palepale. Kwa hasira ya siku ile nikajifunza kusoma, na kuandika nikajifunza juu yake. Basi chukua hii kuwa jibu. Imechelewa, lakini jambo lenyewe ni la haraka: kesho ni siku ya soko, lori la Haji Sulemani linakuja asubuhi, na Haji anamtaka Afande.

Huyo hapa, Afande, beberu wako. Ananitafuna pindo la gauni langu la busuti wakati naandika. Amekuwa mzee, ndevu zimekuwa kama za imamu, ile pembe iliyovunjika ncha imemea ukoko. Kengele nilimvua. Watoto wa jirani bado wanampigia saluti wakipita, jinsi ulivyowafundisha, na yeye bado anawapuuza kama mkubwa wa kambi.

Ngoja, nimfukuze. Amekula na kona ya karatasi.

Nimerudi.

Nikuambie kwanza yaliyobadilika, usije ukadhani nakuletea mashtaka tu. Reli imefika Kasese, hiyo uliiona. Usichokiona ni watu. Hoteli yangu ina meza sita sasa, na asubuhi wanakunywa supu wamesimama, bakuli mkononi, watu wa reli na watu wa machimbo, kila mmoja anasema yeye ndiye mwenye haraka. Supu inataka mbuzi. Na mbuzi, tangu ulale hapo, hakuna tena anayewaleta kwa miguu. Njia yako ya zamani sasa ni ya mbuga. Ukipitisha kundi askari anakuuliza unakwenda wapi na chakula cha simba. Kwa hiyo kila kitu ni lori, na lori la mbuzi ni la Haji.

Unamkumbuka Haji kabla hajawa Haji, akiuza chumvi ya Katwe kwa baiskeli, anashuka kila kilima na kusukuma. Mtu wa kazi, simnyimi sifa yake, na mimi nimetoka kulekule alikotoka, chini kabisa. Lakini njoo umwone anavyopakia. Mbuzi anafungwa miguu minne pamoja, anatupwa juu, mwenzake anatupwa juu yake, kama mikungu ya ndizi. Sitini kwa lori moja. Wakishuka Kasese, saba au nane wameshakufa, na wale wa chini kabisa nyama imevilia damu, supu inakuwa chungu. Mbuzi aliyekufa kabla ya kisu ni mzoga, kwangu na kwa kila mteja mwenye kofia. Nikamwambia, "Haji, wewe unahesabu waliopanda. Mimi nahesabu walioshuka." Akacheka. "Dada Biira, wewe ungekuwa mwanamume ungekuwa na malori matatu." Nikamwambia ningekuwa na moja, na mbuzi wangekuwa wamesimama.

Sasa usinifanye mtakatifu. Mimi nilianza kwa supu. Sikuanza kwa huruma. Wewe ndiye uliyeanza kwa huruma, na nilikuwa nakugombeza kwa hiyo. Ulikuwa unachelewa na kundi, wateja wangu wananitazama, halafu unatokea unapiga mluzi, unasema mmekaa mtoni Nyamugasani mpaka kila mmoja akashiba maji. Nikasema, Kaka, mbuzi wanaokwenda kuchinjwa maji ya nini? Ukasema, "Watakufa, sawa. Lakini sasa hivi hawajafa."

Nikageukia vyungu vyangu motoni. Neno hilo limenikaa kooni kama mfupa wa samaki. Nikiona lori linapita, linachoma.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kasese wameanzisha chama. Usicheke. Chama cha kuwatetea wanyama. Aliyekianzisha ni bibi mmoja Mzungu, mke wa mkubwa fulani, na mwalimu kijana anamtafsiria. Walituita shuleni Jumapili. Mimi nilikwenda kwa sababu nilisikia Haji ameenda, na Haji haendi mahali bure.

Wakasoma malengo yao. Mnyama asipigwe bila sababu. Mnyama wa safari apewe maji. Punda asibebeshwe kupita nguvu zake, na hapo tukatazamana, maana punda wa Kasese ni nani kama si sisi? Kuku asibebwe kichwa chini. Kulikuwa na mama mmoja mbele yangu amekuja na jogoo wake kutoka sokoni. Akamgeuza taratibu, kichwa juu, akamweka mapajani kama mjukuu, kana kwamba amekaa hivyo tangu nyumbani. Wakasema wanataka sheria, wanataka na faini. Halafu mwalimu, nadhani aliongeza mwenyewe, akasema iko siku watu wataacha kabisa kula nyama, kwa sababu mnyama naye ana haki.

Ukumbi ulicheka mpaka mabati yakalia. Fundi mmoja wa reli akauliza kutoka nyuma, "Kama iko na haki, kodi ya kichwa inalipia wapi?" Bibi akataka kujua tunacheka nini, mwalimu akashindwa kumwambia. Kisha akasimama mkulima, mzee, akavua kofia. "Mwalimu, tembo alikula mihogo yangu yote na askari akamlinda akila. Haki yake nimeiona kwa macho. Sasa unionyeshe yangu." Hapo hakucheka mtu.

Nikakaa nikiwaza, hawa wanawatetea nani? Tembo ana bunduki ya serikali. Mbwa wa Mzungu ana jina na sahani. Mbuzi, kwa kuwa ataliwa, hayumo. Amekwisha kufutwa kabla ya siku yake. Nikasimama, Kaka. Unajua sipendi kusimama mbele za watu. Nikasema mimi nauza nyama ya mbuzi na nitaendelea kuiuza, lakini nataka kujua chama kinasema nini juu ya mbuzi aliyeko ndani ya lori leo, aliye chini ya wenzake, ambaye atakufa ndiyo, lakini bado hajafa. Nikatumia neno lako. Sikusema ni lako. Nikakaa.

Bibi akamgeukia Haji. Alikuwa kiti cha mbele, kanzu imepigwa pasi. Haji akasimama kwa adabu zote. "Memsabu, mimi si mutu mubaya. Mbuzi haipandi ubao. Ukiivuta inalala chini, ukiipiga inaruka inavunjika. Ndiyo tunafunga. Ikipanda yenyewe, sifungi hata moja, zitasimama zote mpaka Kasese." Watu wakaguna. Halafu nikamwona anakunja uso, anakumbuka, na mimi nikajua anachokumbuka kabla hajafungua mdomo. "Lakini Bwera iko mbuzi moja. Ya marehemu Bwambale. Hiyo ikitangulia, zingine zote zinafuata mpaka jehanamu."

Bibi alipotafsiriwa akapiga makofi. Akasema hili ndilo chama kilikuwa kinalitafuta, mnyama anayewasaidia wenzake, hakuna fimbo, hakuna kamba. Kesho anakuja mwenyewe Bwera na mtu wa kamera. Wanataka picha ya Afande juu ya ubao, iwe kwenye karatasi za chama, ibandikwe stesheni. Kaka, wanataka kumfanya nembo.

Na mimi ndiye niliyeuliza. Nimepata kila nilichotaka, kwa jina la mbuzi wako.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu wewe unajua na mimi najua, lakini hatukuwahi kulizungumza sawasawa. Safari yako ya mwisho. Ulifika kichinjioni Kasese na kundi, Afande mbele kama kawaida, anaingia mlango wa mbele, wao wanamfuata, yeye anatokea mlango wa nyuma ambako kuna mahindi yake kwenye kopo, na mlango unafungwa. Miaka yote hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu walikuwa wanakuja kutazama. Siku ile mbuzi jike mmoja mdogo, mweusi, mwenye doa sikioni, alikuwa amemshika Afande nyuma kama mkia wake, na akatoka naye. Wakasimama wote wawili nje, kwenye jua. Vijana wa kichinjio wakacheka, wakamshika yule jike sikio, wakamrudisha ndani. Na Afande akala mahindi yake.

Hukuja kunywa supu siku ile. Nilikutafuta, nikakukuta umekaa stesheni kwenye magogo ya reli, unaivua kengele kwenye shingo ya Afande, na fundo limekataa kufunguka. Ukaniambia habari za nyumbu wa Bama. Nilikuwa nazijua hadithi zako zote za vita lakini hiyo hukuwahi kuisema. Nyumbu wa kubeba mizigo, ulisema, ulikutana nao njiani, wa kikosi kingine, walikatwa sauti kooni ili adui asiwasikie. Wanafungua mdomo, shingo inanyooka, hakitoki kitu. "Wale tuliwanyang'anya sauti," ukasema. "Huyu tumemwachia sauti yake, tukamfundisha kusema uongo nayo."

Nikasema, Kaka, ni mbuzi. Ukasema, ndiyo, ni mbuzi. Kana kwamba unakubaliana nami. Ukaondoka.

Na ulipolala hapa kwa Mama, kifua kikikoroma, maji huyataki, uji huutaki, uliniita ukasema, "Biira, Afande amemaliza utumishi. Asirudishwe kazini. Unanisikia?"

Nikasema tutaona.

Ndilo jibu nililokupa. Nilikuwa nimeshika kikombe, nawaza daktari, nawaza lori la kukupeleka, nawaza nani kaachiwa hoteli. Nikasema tutaona, kama ninavyowaambia wanaoomba supu ya mkopo. Ukageukia ukutani. Nilidhani umelala.

Nimeinuka nikazunguka nyumba mara moja. Mama ananiuliza kama nina siafu.

Mama ameshakubali. Haji alipita na sukari na kitenge cha Kongo, akakaa, akamsifu marehemu. Mama anasema, "Mwanangu, mbuzi ni mbuzi. Anakula bure. Atembee hatua chache juu ya ubao, kuna ubaya gani?" Na mimi nimekaa siku hizi zote nikipiga hesabu kutafuta huo ubaya, kwa sababu mimi nikikuambia jambo nataka liwe limesimama kwa miguu yake.

Hesabu iko hivi. Afande akipanda, hakuna fimbo, hakuna kamba. Wale mbuzi wote wanasafiri wamesimama. Hakuna anayekufa chini ya mwenzake. Asipopanda, Haji anarudi kwenye kufunga na kutupa, na bibi atafunga daftari lake aseme watu wa huku hawataki. Upande mmoja mbuzi wote wa lori, kila siku ya soko. Upande mwingine mbuzi mmoja mzee ambaye haumii popote, na neno la marehemu. Mtu yeyote anayejua kujumlisha anampandisha Afande.

Nimejumlisha hivyo mara nyingi, Kaka, na kila nikifika mwisho namwona yule jike mweusi amesimama nje kwenye jua.

Maana mbuzi wa kamba na fimbo wanapigwa na mtu, wanajua wamepigwa na mtu. Wanamkimbia mtu, wanamlilia mtu. Hicho ndicho kitu pekee walichobaki nacho, kwamba wakimtazama mwenzao wanajua ni mwenzao. Tukiwanyang'anya na hicho, halafu tukakipiga picha, tukakibandika stesheni, tukakiita huruma... Sijui. Sina maneno ya chama. Ila najua ndicho ulichokuwa unajaribu kuniambia pale kwenye magogo, na mimi nikakujibu ni mbuzi.

Kwa hiyo nimefanya yangu. Tangu juzi niko hapa Bwera, hoteli nimeifunga, wenye haraka zao wakanywe chai. Nilichukua ubao wa mlango wa ghala, nikauegemeza kwenye ule mkokoteni wako uliooza. Nikachukua chumvi ya Katwe, ile ya mawe, nikaitwanga. Afande nikamfunga nyuma ya nyumba asione. Nikaweka chumvi kiganjani, nikawalambisha mbuzi wa Mama kidogo tu, nikapanda ubao kinyumenyume, mkono mbele, nazungumza nao upumbavu. Jirani yetu akapita na maji kichwani, akasimama. "Biira! Kumbe siku hizi ni wewe beberu?" Nikamwambia ndiyo, na nikimaliza nakuja kwako. Akacheka karibu amwage mtungi.

Wa kwanza alikataa. Wa pili akalamba, akaweka kwato moja, akaitoa. Nikakaa hapo juu mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha mama mbuzi mwenye mapacha akapanda, na wengine wakaona aibu wakapanda. Hakuna aliyeguswa.

Najua, hawa ni wa Mama, wananijua harufu. Wa kesho watakuwa wageni, wametoka kila kilima, wengine wamevuka kutoka Kongo, wana njaa na hofu na kelele za soko. Lakini wale wa milimani ndio hawajaonja chumvi. Nimeipima kiu yao ya chumvi kwa akili yangu, naitegemea.

Jana nilimwambia Haji, hapohapo kwa Mama, birika la chai katikati. Afande hapandi. Napanda mimi. Wakipanda wote bila fimbo, utatimiza uliyosema mbele ya ukumbi, hakuna kamba, na watakuwa thelathini na tano, si sitini, na mtasimama Nyamugasani kunywesha. Haji akaweka kikombe chini. "Thelathini na tano? Na nafasi iliyobaki nibebe nini, hewa?" Nikamwambia hewa ndiyo inayowafikisha hai. Akafikiri. Ni mfanyabiashara, nilimwona anajumlisha walioshuka, labda kwa mara ya kwanza. Akasema, "Sawa. Lakini wakikukatalia, Dada, mbele ya memsabu na kamera, mimi nafunga kamba, na wewe hutanisemesha tena maneno ya lori maisha yako yote."

Nikasema sawa. Nimeweka mdomo wangu rehani. Unajua kwangu hiyo si kidogo.

Usidhani nimekuja kukuambia kwamba nimeshinda. Hesabu hii haifungi. Chumvi nayo ni hila. Nitawatazama machoni, nitawaongoza nikijua wanakokwenda, na Jumamosi nitawapika. Siwezi kuacha kuwapika, ndiyo kazi iliyonitoa chini, na yule mwalimu akiniletea siku yake ya watu wasiokula nyama aniletee na kitu cha kuweka chunguni. Lakini wakinifuata mimi, watakuwa wamemfuata mtu. Kama kuna uongo juu ya ule ubao, uwe na uso wangu. Nitaubeba mimi mwenyewe ninayekula nyama yao. Afande hakuwahi kula nyama ya mtu.

Bibi atauliza iko wapi ile mbuzi. Nitamwambia ametumikia, amestaafu, na hapigwi picha. Akitaka picha, anipige mimi juu ya ubao, chumvi mkononi, nimekunja uso. Aibandike stesheni kama anathubutu.

Jua limeegemea. Naenda kukata miba ya kaburi lako sasa hivi, kabla sijaandika tena kwamba nitaikata. Chumvi iko tayari kwenye kitambaa, nimeifunga kiunoni. Afande nimemhamishia kule kwenye migomba, mbali na barabara, asisikie lori likifika akadhani anaitwa. Kengele yake nimeitia ndani ya hili sanduku, chini ya koti lako, na barua hii naiweka juu yake.

Lala, Kaka. Nitakuja kesho jioni, nikiwa na sauti au sina.

Uliniuliza kama nakusikia. Nilikusikia. Asirudishwe kazini: harudi, muda wote nitakaokuwa hai, na nikifa nitamwachia mtu neno hilo, naye sitamruhusu aniambie tutaona.

Dada yako,
Biira